Kwa nini nilikataa kushona mabaka

"Fundi, nataka turubai la mabaka. Yaani kama la jeshi kabisa, mtu akiliona ashtuke."

Huyo ni mteja wangu wa Mikindani. Ana gereji, na sasa ana brekidauni, lori la kuvutia magari mabovu. Gari lenyewe kuukuu, magurudumu sita na yote yanasukuma, lilikuwa la jeshi la nchi moja ya Ulaya kabla halijauzwa kwa raia na kuvuka bahari. Nyuma lina mkono wa chuma wa kunyanyulia, winchi yenye waya mnene kama kidole gumba, na kulabu ambayo utingo wake haibebi kwa mkono mmoja. Turubai la asili limeliwa na panya huko lilikotoka, yamebaki mapindo na macho ya shaba (yale matundu ya kupitishia kamba) tu. Alitaka jipya kabla mvua hazijachanganya.

Nikamwambia, "Bosi wangu, turubai nitakushonea. Mabaka hapana."

Sababu ya kwanza ni fupi. Agosti 2023 jeshi letu, JWTZ, liliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Ndiyo, turubai si vazi. Lakini mimi nakaa Mtwara, mpaka wa Msumbiji uko hapo tu kusini, na sina hamu ya kumweleza askari kizuizini tofauti ya vazi na turubai huku lori la mteja limewekwa pembeni.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike leo, kwa sababu mteja alinibishia na sikupata nafasi ya kumaliza. Mabaka hayafichi lori. Lori hufichwa na turubai. Mabaka huja baadaye, kama chumvi, na mboga isiyoiva haiivishwi na chumvi.

Nianze na jicho linavyofanya kazi. Baba yangu alikuwa mshona matanga. Nikiwa mdogo nilikaa naye ufukweni, akawa anazitaja jahazi zinazoingia kutoka upande wa Msangamkuu kabla mimi sijaona hata rangi. Alitazama umbo: mlingoti umelala kiasi gani, foramali (mti unaobeba tanga) ndefu au fupi, tanga limejaa vipi. Rangi ya mbao hakuihitaji. Mtu anayetafuta magari ya adui kwa darubini au kutoka kwenye ndege anafanya vivyo hivyo. Anatafuta mstari ulionyooka mahali ambapo miti haina mistari iliyonyooka, anatafuta kivuli, anatafuta kitu kinachomeremeta.

Sasa iangalie brekidauni ya kijeshi kwa macho hayo. Lori la kawaida la mizigo ukilifunika linabaki boksi, na maboksi jeshini ni mengi. Brekidauni ina huo mkono. Unatokeza nyuma au unapanda juu kama mlingoti, na jua la saa kumi na mbili na nusu asubuhi linauchora chini kwa kivuli kirefu kuliko gari lenyewe. Ukiuona mkono mmoja, umeshajua mengi: hapa kuna mafundi, hapa kuna magari mabovu yanayosubiri, pengine na vifaru, na jeshi lenyewe haliko mbali. Ndiyo maana gari hili, ambalo halipigi risasi hata moja, linatafutwa. Na halikimbii. Scammell Pioneer, lililowavutia Waingereza magari yao katika Vita Kuu ya Pili, lilikuwa na injini ya dizeli ya Gardner yenye nguvu za farasi 102 na mwendo wake wa juu haukufika kilomita 40 kwa saa. Bodaboda ya hapa Chikongola ingelipita ikiwa imepakia watu watatu na mbuzi. Gari la mwendo huo likishaonekana, limeonekana.

Kwa hiyo swali la kwanza la mshonaji ni hili: mkono nitauzamishaje? Ukitupa turubai moja kubwa juu ya kila kitu, mkono unasimama katikati kama nguzo ya hema na kila mtu anauona. Namna nzuri ni kuushusha mkono kabisa, kuuvalisha ala yake peke yake (mimi naiita soksi), halafu kuweka pinde za bomba kuanzia nyuma ya kebini ili paa la turubai lipite juu kwa usawa mmoja. Ukitazama kwa mbali, ni lori la mizigo. Soksi lazima ivulike haraka. Gari likiitwa usiku kwenda kuvuta mwenzake aliyezama kwenye tope, hakuna anayetaka kufungua vifundo thelathini. Upande mmoja nafunga kwa kamba, upande wa pili naweka mikanda na vifungo vinavyofunguka kwa kuvuta mara moja. Pale waya unapopita nashona kiraka cha pili cha ngozi au mpira, maana waya wa winchi una nyuzi zilizokatika zinazochana kama wembe, na grisi yake ikishaingia kwenye pamba haitoki.

Kwamba turubai hubadilisha umbo, si maneno yangu ya kibandani. Mwaka 1942 kule Misri, kabla ya mapigano ya El Alamein ya mwezi Oktoba, Waingereza walitengeneza fremu nyepesi zilizofunikwa turubai na kuzivalisha vifaru, ili kwa mbali kila kifaru kionekane lori. Mizinga nayo ilifichwa kwa umbo la malori. Wakati huohuo, upande wa kusini, waliweka vifaru vya bandia. Mpango wote uliitwa Operesheni Bertram na aliyeongoza mafundi wa kuficha alikuwa Geoffrey Barkas, mtengeneza filamu. Hapakuwa na rangi ya ajabu pale. Palikuwa na miti, kitambaa, kamba na watu wanaojua kukata kitambaa.

Sisemi rangi haina kazi. Ina kazi, ila watu wanaielewa kichwa chini miguu juu. Mtazame swala: mgongo umekoza, tumbo jeupe. Jua linapiga mgongoni na kuung'arisha, tumbo limo kivulini, hivyo vikikutana mnyama anaonekana bapa, kama hana unene. Mchoraji mmoja wa Marekani, Abbott Thayer, ndiye aliyelieleza jambo hilo kwa kina mwanzoni mwa karne ya 20, na majeshi yakalichukua. Paa la turubai ndilo linalopokea jua lote, kwa hiyo ndilo linalotakiwa kukoza kuliko pande. Waingereza kuanzia 1942 walipaka malori yao hivyo: rangi ya msingi kahawia, kisha nyeusi juu ya paa ikishuka ubavuni kwa mviringo mviringo, hadi askari wakaiita masikio ya Mickey Mouse. Na kwa nini kahawia badala ya kijani? Kwa sababu malighafi ya rangi ya kijani, oksidi ya kromiamu, ilikuwa haba. Mtu anaweza kudhani kulikuwa na hekima kubwa ya msituni, kumbe ni upungufu wa dukani.

Lingine ambalo watu hawalioni ni kwamba bodi ni chuma na turubai ni kitambaa. Hata ukivipaka kopo moja, baada ya miezi michache jua la pwani limepausha kitambaa na chuma bado kina rangi yake. Mabaka yaliyokuwa yanaendelea kutoka mlangoni hadi kwenye paa yanakatika pale vinapokutana, na huo mkato ni mstari ulionyooka uliokuwa unaukimbia. Tena rangi ya mafuta juu ya turubai hulifanya kuwa kavu kama mkeka wa zamani. Ukilikunja mara kumi linavunjika kwenye mikunjo na maji yanapita hapohapo. Turubai linatiwa rangi kwenye uzi, kiwandani. Kulipaka kwa brashi ni kuliua polepole.

Halafu kuna kumeremeta. Hili ndilo ninalowaambia wanaoniletea yale maturubai ya plastiki, yanayochomewa kwa hewa ya moto badala ya kushonwa. Kwa korosho sawa, ni mepesi na hayalowi. Lakini yakipigwa na jua yanawaka kama bati jipya, na ndani yanatoa jasho. Turubai la pamba halimeremeti, na linapumua. Likinyeshewa nyuzi zake huvimba na kuziba matundu zenyewe, ndiyo maana maji hayapiti, mradi usiliguse kwa ndani. Aliyewahi kulala chini yake anajua: ukiegemeza kidole tu, tone la kwanza linakudondokea hapohapo na halikomi hadi asubuhi.

Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja huku kusini kuisomba, mji mzima uliangalia korosho. Mimi niliangalia mapindo. Sitaandika nilichokiona kwenye magari ya jeshi letu, si mahali pake. Niseme tu kwamba jirani yangu alinikuta nimesimama barabarani kichwa kimeinama upande kama kuku, akaniuliza kama shingo inaniuma.

Kuna na wavu. Ukitaka kujua wavu wa kuficha magari ulivyotengenezwa zamani, nenda feri uchukue wavu wa kuvulia, kisha uende ghalani uchukue gunia la juti la korosho. Kata gunia vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, vifume kwenye matundu, katikati vikibanana na pembeni vikipungua pungua ili ukingo usionekane. Basi. Katika vita kuu zote mbili nyavu za uvuvi zilitumika hivyo. Kwa brekidauni wavu unasaidia pale turubai linaposhindwa, hasa kwenye kivuli chini ya bodi na kwenye kioo cha mbele, ila unanasa. Ukiutupa juu ya mkono wenye kapi na kulabu, kuuvua ni nusu saa ya matusi. Soksi kwanza, wavu baadaye.

Sasa kosa langu, maana sijazaliwa najua. Miaka ya nyuma nilishona turubai la pamba la lori moja lenye winchi. Nilipima gari likiwa kavu, nikakata urefu wa mita sita kasoro, nikashona, nikalivalisha na kulifunga kwa kamba ya katani hadi likawa linalia kama ngoma ukiligonga. Nilijisifu. Usiku ikanyesha. Pamba ikilowa hupungua, na kamba ya katani ikilowa nayo hufupika. Asubuhi nilikuta macho ya shaba manne yameng'oka na vipande vyake vya kitambaa, upinde mmoja umepinda, na turubai limepungua karibu shubiri nzima. Mwenye gari hakusema kitu. Alichukua jicho moja la shaba chini, akaniwekea kwenye kiganja, akaondoka. Tangu siku hiyo naloweka kitambaa usiku kucha, nakianika, ndipo nashika mkasi. Na kila ninayemkabidhi turubai namwambia mvua ikianza alegeze kamba.

Turudi kwa bosi wa Mikindani. Nilimuuliza, "Wewe brekidauni yako unamficha nani?" Anavuta malori yaliyokufa usiku kwenye barabara ya Lindi, mabasi yanakuja kwa kasi, na mvua juu. Gari lake linatakiwa lionekane kutoka mbali kuliko gari lolote barabarani. Akacheka, ila akakaza. Tukakubaliana hivi: paa na pande rangi ya udongo, soksi ya mkono rangi ya chungwa, pazia la nyuma lina mistari ya kuakisi taa, nyekundu na nyeupe, niliyoishona mara mbili na kuipaka nta ya nyuki kwenye mshono. Maarifa yaleyale ya kuficha, nimeyageuza. Mkono unaotakiwa uzame vitani, hapa ndio unaotakiwa upige kelele.

Alipokuja kulichukua nilimwita utingo wake, kijana mpole, nikamwonyesha kukunja: kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, mshono usikae kwenye mkunjo, na kamwe lisikunjwe likiwa limelowa. "Sawa, mzee," akajibu, mara tatu.

Juzi limerudi. Limekunjwa bichi, limekaa kwenye boksi la vifaa siku sijui ngapi, lina madoa meusi ya kuvu na linanuka kama tenga la dagaa. Nimelianika juu ya uzio. Nimempigia bosi, anasema nimuulize utingo. Utingo anasema aliyelikunja ni dereva.