Je, wajua kwa nini simu yako na ya jirani zaweza kuwa na anwani moja?

Fungua mipangilio ya WiFi kwenye simu, gusa jina la mtandao wa nyumbani. Utakuta anwani ya simu, namba kama 192.168.1.5. Jirani naye akifungua yake, huenda akakuta hiyo hiyo, tarakimu kwa tarakimu. Mbona basi picha zake haziji kwako?

Waliosoma bweni wanalijua jibu. Wanafunzi 500, sanduku la posta moja. Barua zote zinafika kwa S.L.P. ya shule, karani anasoma jina kwenye bahasha, kila mmoja anapata yake. Nyumbani kwako karani huyo ni ruta, kile kisanduku kinachotoa WiFi.

Kwa kawaida kampuni ya intaneti hukupa anwani moja tu ya nje. Hizi za ndani, zinazoanza na 192.168 au 10, ruta inazigawa yenyewe, na hazitambuliki nje ya nyumba. Ndiyo maana mamilioni ya nyumba wanazitumia zile zile bila kugombana. Chanzo ni uhaba: mfumo wa anwani wa IPv4 una nafasi kama bilioni 4.3, pungufu ya watu waliopo duniani. Mwaka 1994 wataalamu waliandika utaratibu huu wa kuchangia anwani kama dawa ya kutuliza tu, huku tiba kamili ikitafutwa. Tiba, yaani IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi, ipo siku nyingi. Akiba kuu ya IPv4 duniani ilikwisha Februari 2011, na dawa ya kutuliza tunainywa hadi leo.

Simu ikiomba ukurasa, ruta inafuta anwani ya ndani, inaandika ya kwake, kisha inaongeza namba ya poti, yaani alama ya kutambua jibu ni la nani, tuseme 40312. Kwenye daftari lake inaandika: 40312 ni ya simu ya mama, 40313 ni ya laptopu. Jibu likirudi na 40312, linakwenda kwa mama. Hata runinga na laptopu zikifungua tovuti moja kwa wakati mmoja, majibu hayachanganyiki.

Na barua isiyo na jina daftarini? Karani anaitupa. Hapo ndipo wenye kamera za ulinzi hukwama: wakiwa safarini hawawezi kuipigia kamera hodi moja kwa moja, mpaka ruta ielekezwe kuipitisha, au kamera yenyewe iwe imeanza mazungumzo na seva ya nje.

Mimi nilikwama kwingine. Niliongeza ruta ya pili chumba cha nyuma, nikachomeka kebo kwenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti ya nje. Intaneti ikaja vizuri, lakini printa ya sebuleni ikapotea kwenye orodha. Kumbe nilikuwa nimeajiri karani wa pili mwenye bweni lake! Nikahamishia kebo kwenye tundu la LAN, lile la vifaa vya ndani, nikazima DHCP, yaani kazi yake ya kugawa anwani, nikaipa anwani isiyogongana na ya ruta ya kwanza. Printa ikarudi.

Wanaotumia intaneti ya laini ya simu wana kisa kirefu zaidi, kwa sababu kampuni nyingi nazo huwapa wateja wengi anwani moja ya nje waitumie pamoja. Ingia kwenye ruta, tazama anwani yake ya nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi karani wako naye ana karani.