Kutoka Texas kwenda Ohio: Shule Huchaguliwa Kabla ya Nyumba

Wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani huniuliza mara kwa mara shule nzuri ziko wapi, na wengi wao huniuliza wakiwa wameshatia sahihi mkataba wa kupanga nyumba. Kazi yangu ni kuzishauri familia zinazohama jimbo moja kwenda jingine, na jambo la kwanza ninalolisisitiza ni kwamba, kwa sehemu kubwa, mtoto anayesoma shule ya umma hupangiwa shule kulingana na anwani ya nyumbani kwake. Aliyechagua nyumba amekwisha kuchagua shule, ajue asijue.

Nichukue mfano wa familia inayotoka Texas kwenda Columbus, Ohio. Katika jiji la Columbus, mpaka wa jiji na mpaka wa wilaya ya shule, yaani eneo ambalo shule zake za umma ziko chini ya mamlaka moja, ni vitu viwili tofauti, kwa kuwa makubaliano ya mwaka 1986 kati ya wilaya hizo yaliacha maeneo mengi yaliyomo ndani ya jiji yaendelee kuhudumiwa na wilaya za pembezoni kama vile Hilliard, Dublin, Worthington na South-Western. Kwa hiyo nyumba mbili zenye anwani ya Columbus, hata zikiwa jirani, zinaweza kuwa katika wilaya mbili zisizofanana kwa walimu, mabasi wala kalenda. Tangazo la nyumba halitoshi kukuhakikishia. Ingia katika tovuti ya mkaguzi wa kaunti ya Franklin, ofisi inayotunza kumbukumbu za nyumba na viwanja, andika anwani, usome jina la wilaya ya shule, kisha uipigie simu wilaya yenyewe ikutajie shule ambayo nyumba hiyo imepangiwa.

Baada ya hapo ndipo linapokuja suala la ubora, na hapa ndipo ninapotofautiana na wazazi wengi. Zile alama za moja hadi kumi zinazoonekana kando ya picha za nyumba mtandaoni hutegemea sana matokeo ya mitihani, na matokeo ya mitihani hufuatana kwa karibu na kipato cha wazazi. Mtoto aliyeanza shule akiwa tayari anajua kusoma atafaulu hata pale ambapo mwalimu hakumwongezea kitu. Kinachostahili kutazamwa ni maendeleo, yaani mwanafunzi anapiga hatua kiasi gani kati ya mwaka mmoja na unaofuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2017 kwamba wanafunzi wa shule za umma za Chicago, jiji ambalo shule zake zilikuwa zimedharauliwa kwa miaka mingi, walipata mafunzo ya takriban miaka sita ndani ya miaka mitano, kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Ohio hutathmini shule zake kwa nyota, kuanzia moja hadi tano, na taarifa ya kila shule ina kipengele cha maendeleo kilichotengwa na kile cha ufaulu. Mimi huanza na hicho. Texas hutumia herufi A hadi F kwa vigezo vyake yenyewe, kwa hiyo si sahihi kulinganisha A ya huko na nyota nne za Ohio.

Kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani, swali zito zaidi ni la lugha. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols mwaka 1974, shule haziruhusiwi kumweka darasani mtoto asiyejua Kiingereza na kumwacha bila msaada. Hata hivyo, msaada huo hutofautiana mno: shule moja ina mwalimu wa kudumu anayeingia darasani pamoja na mwalimu wa somo, na nyingine ina mwalimu anayezunguka shule kadhaa kwa wiki. Uliza hilo waziwazi, na uombe mkalimani, kwa maana wilaya inawajibika kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa na haipaswi kumgeuza mwanao kuwa mkalimani. Mtihani wa Kiingereza wa Texas si ule wa Ohio, kwa hiyo usishangae mtoto akipimwa upya.

Kwa mwanafunzi wa sekondari, kuhama kunahitaji hesabu. Mwanafunzi huhitimu kwa kukusanya krediti, yaani alama za masomo aliyoyakamilisha. Kiwango cha chini cha kuhitimu Texas ni krediti 22, na Ohio ni 20, lakini tarakimu hizo zinapotosha: Ohio hudai nusu krediti ya somo la afya, ambalo sheria ya jimbo la Texas hailifanyi kuwa sharti la kuhitimu. Pia hudai krediti nne za hisabati, ikiwemo Aljebra ya Pili au somo linalolingana nayo. Kabla ya kuhama, mwombe mshauri wa shule mpya aipitie rekodi ya masomo na kuandika kile kinachopungua. Kwa maoni yangu, mtoto aliye darasa la 12 amalizie alipo ikiwa kuna ndugu wa kumpokea na wilaya inaruhusu.

Familia zinazofikia kwa ndugu kwa kukosa makazi yao wenyewe hudhani haziwezi kuandikisha watoto hadi zipate mkataba wa nyumba. Sheria ya McKinney-Vento, ya mwaka 1987, inawapa watoto hao haki ya kuandikishwa mara moja, hata bila rekodi za chanjo wala uthibitisho wa makazi. Kila wilaya ina afisa wa kushughulikia jambo hilo, nawe mwulizie. Mtoto mwenye ulemavu aliye na mpango maalumu wa elimu hapotezi huduma kwa kuvuka mpaka wa jimbo: wilaya mpya lazima impe huduma zinazolingana na alizokuwa nazo mpaka ikamilishe tathmini yake. Nakala ya mpango huo isafiri katika mkoba wako wa mkononi, isifungwe katika masanduku ya lori, kwani rekodi kutoka shule ya zamani huweza kuchelewa.