Je, wajua kwa nini pawa saplai ya wati 500 inaweza kushindwa na kadi ya grafiki ambayo ya wati 400 inaimudu?

Mtu mwenye kompyuta ya mezani ya zamani akitaka kuongeza kadi ya grafiki mara nyingi anafanya hivi: anafungua ubavu wa keisi, anachungulia ile boksi ya pawa saplai, anaona imeandikwa 500W kwa herufi kubwa, halafu anasoma kwamba kadi anayoitaka inapendekezewa 400W, basi kwake mambo safi. Anafunga kadi, mashine inawaka vizuri tu, Windows inaingia, anavinjari, hamna shida. Afungue gemu sasa, dakika chache giza, mashine imejizima au imejiwasha upya yenyewe, na hapo lawama zote zinaenda kwa kadi wakati kadi haina kosa lolote.

Tatizo ni ile namba kubwa. Sio lazima iwe uongo (japo kwenye pawa saplai za bei rahisi sana mara nyingi imetiwa chumvi), ila ni jumla ya vitu kadhaa, na kadi yako inahitaji kimoja tu kati ya hivyo.

Pawa saplai inachukua umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme wa DC (unaotiririka upande mmoja tu) wa volti tofauti tofauti, kuna laini ya 12V, ya 5V, ya 3.3V, kuna hasi 12V ambayo siku hizi karibu haina kazi, na kuna 5V ndogo inayobaki hai hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kila laini ina kikomo chake cha ampea. Kadi ya grafiki inakula karibu umeme wake wote kutoka 12V, na prosesa nayo inakula 12V hiyohiyo, feni 12V, mota ya hadi disk 12V. Kwahiyo kama laini ya 12V ni nyembamba, hata laini ya 5V iwe nene kiasi gani haikusaidii, ni sawa na mtu kurithi shamba la ekari kumi halafu sita ni mwamba mtupu.

Sasa kwa nini mtengenezaji atoe pawa saplai yenye 5V nene na 12V nyembamba? Hapa ndo historia inapoingia. Muundo wa ATX, yaani kanuni za umbo na plagi za pawa saplai na madabodi (bodi kuu ya kompyuta), tunaoutumia mpaka leo ulitolewa na Intel mwaka 1995, na prosesa za wakati ule zilikuwa zinalishwa kwa 5V au 3.3V, hivyo nguvu nyingi ilikuwa inawekwa huko. Mwaka 2000 ikaja Pentium 4, yenye njaa kuliko zilizotangulia, na hapo ndo tukaanza kuona kile kiplagi cha pini 4 chenye waya mbili za njano karibu na prosesa, kinacholeta 12V. Mwaka 2003 muundo ukarekebishwa tena, plagi kubwa ya madabodi ikatoka pini 20 ikawa 24, na uzito wa nguvu ukahamishiwa rasmi kwenye 12V. Lakini watengenezaji wa bei ya chini hawakubadilika siku hiyohiyo, waliendelea kuuza miundo yao ya kizamani miaka na miaka wakiongezea plagi mpya tu, ndo maana mashine inayoonekana sio ya kale sana bado unaweza kuikuta na pawa saplai ya mtindo ule.

Na uhamisho wenyewe ulikuwa na sababu nzuri. Wati ni volti mara ampea. Ukitaka wati 120 kwa 5V unahitaji ampea 24 zipite kwenye waya, kwa 12V ni ampea 10 tu. Joto linalopotelea kwenye waya linapanda kwa kipeo cha pili cha ampea, yaani kwa waya uleule na wati zilezile, 5V inapoteza joto karibu mara 6 zaidi. Vitu vyenye njaa vikaona bora 12V.

Basi twende kwenye lebo, manake jibu lako liko pale. Itafute sehemu iliyoandikwa +12V na usome ampea zake, zidisha kwa 12. Chukua mfano wa 500W ya mtindo wa zamani yenye 12V 18A, hiyo ni wati 216 basi, zilizobaki ziko kwenye 5V na 3.3V ambako hazina wa kuzitumia. Halafu chukua 400W ya kisasa yenye 12V 32A, hiyo ni wati 384. Sasa weka prosesa kama Core i5-2400 ambayo kikomo chake ni wati 95, weka GeForce GTX 1060 yenye wati 120, ongeza kama 40 hivi za madabodi, disk na feni, unapata 255. Ile ya "500" imezidiwa, ile ya 400 imebakiwa na nafasi kibao. Kitendawili kimeisha hapo.

Angalizo moja kuhusu lebo, kuna zinazoandika 12V1 na 12V2, labda 18A na 18A, na mtu anajumlisha anapata 36A. Usifanye hivyo, mara nyingi chini yake kuna mstari unaosema kikomo cha zote mbili kwa pamoja ni wati kadhaa, na hiyo ndo namba ya kweli. Na kama lebo haionyeshi ampea kabisa, ina jina na wati tu, mi ningeitoa bila kufikiria mara mbili.

Usipige hesabu mpaka ukingoni. Acha kama asilimia 30 hivi ya 12V ibaki huru, kwa sababu mbili. Ya kwanza, kadi haili sawasawa muda wote, ina miruko ya ghafla ya sehemu ndogo sana ya sekunde ambapo inavuta zaidi sana ya wati zilizoandikwa, na kadi kubwa za miaka ya karibuni zimezidi kwa hilo mpaka ATX 3.0 ya mwaka 2022 ikaweka masharti ya pawa saplai kuvumilia miruko hiyo. Ya zamani haikuwahi kupimwa kwa kitu kama hicho. Ya pili ni uzee. Ndani kuna kapasita (vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme) zenye majimaji, na miaka ya joto inazikausha taratibu, hivyo pawa saplai iliyofanya kazi miaka kumi haina tena uimara wa siku ilipotoka kiwandani. Lakini tafadhali usiifungue kuzikagua, upande wa umeme mkubwa kuna kapasita zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, hiyo inaua.

Kuna watu wanachanganya pia habari ya 80 Plus, ile nembo ya ufanisi inayobandikwa kwenye pawa saplai. Ile ni kuhusu umeme unaopotea njiani, haipunguzi unachopewa. Pawa saplai ya 400W yenye ufanisi wa asilimia 80 inatoa 400 kamili, ila inavuta 500 ukutani.

Baada ya nguvu angalia plagi. Sloti ya PCI Express, ile ya kwenye madabodi unapochomeka kadi, inatoa mpaka wati 75 kwa kadi, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kwahiyo ukiona kadi haina plagi yoyote juu, kama GTX 1650 nyingi au GTX 1050 Ti nyingi, ujue inaishi ndani ya zile 75 za sloti, na kwa mashine ya zamani hizi ndo kadi ninazozipenda kuliko zote, bado unahakiki 12V lakini hubabaishwi na waya. Kama kadi inataka pini 6 na pawa saplai haina, watu wanakimbilia adapta ya kutoka SATA (plagi ya umeme ya disk) kwenda pini 6, na hapa naomba unisikilize vizuri: plagi ya SATA ina pini tatu za 12V, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54, wakati pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75, plastiki inayeyuka na moto unaweza kuwaka. Kutokuwepo kwa hiyo plagi kwenyewe ni taarifa, aliyeitengeneza hakuipangia kadi ya namna hiyo. Na plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana na ya kadi lakini chanya na hasi zimegeuzwa, ikikataa kuingia usiilazimishe.

Ukiamua kubadilisha pawa saplai yenyewe, kwanza hakikisha inabadilishika. Mashine za ofisini nyingi zina miundo yao, mfano Dell OptiPlex 9020 plagi ya madabodi ni pini 8 badala ya 24, hivyo unahitaji adapta maalumu, na kwenye keisi zile nyembamba hata umbo la boksi halilingani. Pima kwanza, nunua baadae. Kama pawa saplai ina kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230, hakikisha kiko kwenye volti za ukutani kwako kabla hujawasha, ukiweka 115 sehemu yenye 230 italipuka papo hapo.

Kadi ikishafungwa ijaribu kwa mzigo mzito ukiwa umekaa hapohapo. Fungua programu ya kuonyesha vipimo kama HWiNFO utazame 12V huku gemu au jaribio la grafiki likiendelea, inaruhusiwa kupanda na kushuka asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Sensa za madabodi wakati mwingine zinadanganya, kwahiyo ukiona namba ya ajabu thibitisha kwa multimita kwenye plagi ya Molex (ile ya zamani ya pini 4 ya kulishia disk), waya wa njano na mweusi. Ikishuka chini ya 11.4 au ukasikia harufu ya kuungua zima mashine, toa kadi, na usiirudishe mpaka umepata pawa saplai nyingine.