Ukurutu sugu wa mbwa ni nini?

Mbwa akinyonyoka manyoya na ngozi ikafanya magamba, wengi husema ana ukurutu. Neno hilo limebeba magonjwa mawili yasiyofanana, na ukurutu mwingi unaoitwa sugu ni ule uliotibiwa kama ugonjwa ule mwingine.

Wa kwanza huletwa na sarkopti, utitiri unaochimba vijia kwenye ngozi ya juu na kutaga humo. Huanzia kingo za masikio, viwiko na tumbo, na mwasho wake ni mkali mno. Sugua ukingo wa sikio kwa vidole: mguu wa nyuma ukianza kupiga kama anajikuna, shuku sarkopti. Huambukiza mbwa wengine, na watu wa nyumbani nao hutokwa na vipele. Yai hufikia utu uzima kwa wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo kuogesha kwa dawa mara moja huua wakubwa na kuacha mayai. Mbwa wote wa boma watibiwe siku moja, hata asiyejikuna.

Wa pili ni demodeksi. Utitiri huu huishi kwenye mashina ya manyoya ya karibu kila mbwa. Mtoto huupata kwa mama yake siku za kwanza za kunyonya, na haudhuru mpaka kinga ishuke. Hapo manyoya hutoka kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, mara nyingi bila mwasho, hadi bakteria waingie na kuleta usaha na harufu. Sindano ya deksamethasoni ya kutuliza mwasho ndiyo kosa baya kuliko yote hapa: mbwa hupata nafuu siku chache, kinga inazidi kuanguka, utitiri unazaana.

Kuyatofautisha, daktari wa mifugo hukwangua ngozi mpaka damu ianze kuchomoza, kisha hutazama kwa hadubini. Demodeksi huonekana kwa urahisi. Sarkopti hukosekana mara nyingi hata akiwepo, hivyo dalili zikilingana hutibiwa tu.

Dawa inayopatikana kirahisi ni amitrazi ya asilimia 12.5: mililita 2 kwa lita 1 ya maji, zipimwe kwa bomba la sindano, si kwa kizibo. Nyoa manyoya marefu, ogesha kwa sabuni magamba yatoke, mkaushe, kisha mpake dawa kwa sponji. Usimsuuze. Vaa glavu, fanyia kazi nje, rudia kila baada ya wiki 2. Haifai kwa mbwa mwenye mimba, mwenye kisukari wala mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4. Vidonge vya afoksolana au fluralana ni salama zaidi, ila bei iko juu. Ivamektini ya ng'ombe inaweza kuua mbwa aina ya koli. Oili chafu ya gari isipakwe kabisa. Mbwa huiramba na kujitia sumu.

Kwa demodeksi, manyoya kuota si ruhusa ya kuacha dawa. Endelea mpaka ngozi ikwanguliwe mara mbili, mwezi mmoja kati yake, na mara zote mbili utitiri usionekane.