Ontojenia: historia ya kiumbe mmoja tangu yai

Wanafunzi wengi wa biolojia hapa Mombasa hulitumia neno ontojenia kana kwamba ni jina jingine la ukuaji wa mimba. Maana yake ni pana zaidi. Ontojenia ni mfululizo wa mabadiliko ya umbo, viungo na mienendo ambayo kiumbe mmoja huyapitia tangu yai linaporutubishwa hadi anapokomaa, na wapo wataalamu wanaoujumuisha hata uzee wake.

Neno hili liliundwa mwaka 1866 na Ernst Haeckel, mwanazuolojia wa Kijerumani, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuwapo na kuzaliwa. Mwaka huohuo alibuni pia neno filojenia, yaani historia ya nasaba nzima ya viumbe kupitia vizazi vingi, kisha akadai kwamba ya kwanza hurudia ya pili: kwamba kiinitete, yaani kiumbe angali katika yai au mimba, hupitia maumbo ya mababu zake waliokomaa. Dai hilo limekataliwa, na kwa haki. Tangu mwaka 1828 Karl Ernst von Baer, mtaalamu wa viinitete, alikwishaeleza kwamba viinitete hufanana na viinitete wenzao, si na wanyama wengine waliokomaa. Mikunjo inayoonekana shingoni mwa kiinitete cha binadamu haipati kamwe kuwa mashavu ya samaki; hujenga sehemu za taya, sikio na koo.

Umuhimu wa dhana yenyewe unaonekana vizuri kwa kaa wa mikoko, anayevuliwa katika hori ya Tudor na Mtwapa. Jike huondoka mikokoni akaelekea bahari ya wazi, na huko mayai yake huanguliwa zoea, kijidudu cha kuelea chenye macho makubwa na mwiba mgongoni, ambacho hakifanani na kaa hata kidogo. Zoea hujivua gamba mara kadhaa kwa muda wa takriban wiki 2 hadi 3, akawa megalopa mwenye magando na mkia ulionyooka, na ndipo anapopata umbo la kaa na kurejea pwani. Wataalamu wa zamani walihadaika: mwaka 1802 Louis Bosc aliliorodhesha jina Zoea kama jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, ya wanyama wanaojitegemea, na megalopa naye alipewa jenasi yake. Ni John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyekuwa Cork nchini Ayalandi, aliyeonyesha kuanzia mwaka 1828 kwamba zoea ni mtoto wa kaa.

Kwa hiyo anayepanga kuwahifadhi kaa hawa kwa kulinda mikoko peke yake amelinda sehemu tu ya maisha yao, kwa kuwa zoea huhitaji maji ya chumvi ya bahari ya wazi.

Wala mabadiliko hayakomi kiumbe anapoanza kuzaa. Katika spishi nyingi za pono, samaki huanza maisha ya utu uzima akiwa jike mwenye rangi iliyofifia, kisha baadhi yao hugeuka madume wenye rangi kali za kijani na buluu. Wavuvi wakiwaondoa wakubwa tu, wanapunguza hasa madume, jambo ambalo haliwezi kufahamika kwa kumpima samaki uzito bila kujua amefika hatua gani ya ontojenia yake.