Pilipili boga za kujaza: mchele utiwe ukiwa vipi

Mtu akiniambia pilipili boga zake za kujaza zimetoka chapwa, zimelala ubavu kwenye trei na maji yamejaa chini, swali langu la kwanza huwa: mchele uliutia ukiwa vipi? Wengi hushangaa, maana wao wamekuja kulalamikia pilipili. Mimi napika kwa oda hapa mjini Unguja, na chakula hiki huagizwa sana Ramadhani, kwa hiyo malalamiko hayo nayajua vizuri.

Pilipili boga, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ikishapata moto hulainika na kuyaachia, mengine yakatoka nje, mengine yakabaki ndani pamoja na nyama na wali. Sasa ukijaza wali ulioiva kabisa, hauna tena nafasi ya kunywa chochote, utageuka bokoboko. Ukijaza mchele mbichi, maji ya mle ndani hayautoshi, na hadi punje ziive pilipili yenyewe itakuwa imeshaporomoka. Unaotakiwa ni mchele ulioiva nusu na kidogo zaidi, ambao bado una kiu.

Anayepika biriani kazi hii anaijua, kwani ni ule ule mchele wa kuchuja. Kwa pilipili 6 kubwa roweka kikombe kimoja kasorobo cha mchele, chemsha maji mengi yenye chumvi, uutie. Baada ya dakika kama 5 anza kuukagua. Toa punje moja, ibonyeze kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada. Ikivunjika vipande viwili vitatu na katikati ukaona kitone cheupe kigumu, mwaga kwenye chujio hapo hapo, usingoje hata kumaliza kukata kitunguu. Ikipondeka yote, umepita. Huo ule kwa mchuzi, upike mwengine. Wengine huniuliza habari ya wali uliobaki mchana. Huo umeshaiva, na kwa joto letu wali ulioshinda mezani hadi jioni si wa kumlisha mtu.

Nyama ya kusaga nusu kilo inatosha. Tia kwenye sufuria pana na thomu (kitunguu saumu), tangawizi mbichi, chumvi na ndimu, bila mafuta na bila maji. Itatoa maji yake yenyewe, iache itokote huku ukiivunjavunja mabonge. Sikiliza: maji yakikauka ule mlio wa kutokota hubadilika, nyama inaanza kuchachatika kwenye mafuta yake. Hapo ndipo pa kutia kitunguu maji na tungule (nyanya) mbili zilizokunwa, na hizo nazo zikaushwe. Nasisitiza ukavu kwa sababu maji ya pilipili peke yake yanatosha. Kisha uzile (bizari nyembamba), mdalasini, pilipili manga. Karafuu, ingawa Pemba tunazo tele, hapa iwe punje moja tu ya kusaga, ikizidi hutasikia ladha nyengine yoyote. Epua, tia kotmiri nyingi, uache ipoe kabla ya kuchanganya na mchele. Nyama ya moto huendelea kuupika mchele ndani ya bakuli, na ile kazi yote ya kuukagua inakuwa bure.

Pilipili zenyewe nazichagua moja moja, sokoni Darajani au Mwanakwerekwe. Zile za mafungu, nyembamba na zilizojikunja, ni nzuri kwa kachumbari. Ya kujaza iwe nzito mkononi, ngozi imekaza, na kitako chenye nundu nne, maana yenye nundu tatu aghalabu huinama. Yale maneno kwamba nundu tatu ni dume na nne ni jike hayana ukweli. Ua la pilipili lina sehemu za kiume na za kike pamoja, na tunda halina jinsia. Rangi ni suala jengine. Ya kijani haijapevuka, ina uchungu kidogo, na kwa nyama ya ng'ombe mimi naupenda uchungu huo. Nyekundu imeshaiva, ni tamu, lakini hulainika upesi, kwa hiyo ipunguzie muda.

Kata juu upate kifuniko, toa mbegu na zile ngozi nyeupe za ndani, nyunyiza chumvi. Zichome tupu kwa dakika 10 katika oveni ya nyuzi 200, zikiwa zimefudikizwa, ili sehemu ya maji itangulie kutoka. Jaza kwa kijiko bila kushindilia, ubakishe nafasi ya upana wa kidole, kwani mchele utavimba. Chini ya trei mimina tungule za kusaga zilizochanganywa na tui jepesi na chumvi, kimo cha kidole. Funika, oka kwa nyuzi 180 dakika 35, kisha funua dakika 10 nyengine juu pabadilike rangi. Ncha ya kisu iingie kwenye pilipili bila kukwama, na pilipili iwe bado imesimama.

Asiye na oveni asijinyime. Zipange wima zibanane kwenye sufuria nzito, funika kwa mfuniko wa bati, upalie makaa juu kama unavyopalia pilau. Makaa ya chini yawe machache, yaliyokwisha kushika jivu. Moto mwingi uwe wa juu. Tui la chini likianza kunukia kuungua, ongeza maji ya moto kwa pembeni, usimwagie juu ya pilipili.

Zikitoka zikae dakika 10 kabla ya kupakua, mchele umalizie kunywa. Ukitaka samaki badala ya nyama, chukua jodari aliyechemshwa kwa ndimu na chumvi, umchambue, na kwa kuwa hana mafuta mengi changanya vijiko vitatu vya tui zito kwenye mchele kabla ya kujaza.