Ushoroba: njia ya tembo inayopita mlangoni kwa mtu

Ndani ya nyumba, ushoroba ni ile njia nyembamba inayopita kati ya vyumba. Hakuna anayeujengea kitanda, lakini ukiuziba, wa chumba cha nyuma hatoki. Wahifadhi wamelichukua neno hilo wakalipeleka porini. Ushoroba wa wanyamapori ni ardhi inayounganisha maeneo ambayo wanyama wanayategemea, na mara nyingi ardhi yenyewe haimo ndani ya hifadhi yoyote. Wingi wake ni shoroba. Tofauti na ule wa nyumbani, huu una watu wanaolala humo, wakalima na kuchunga, na wengine walikuwapo kabla mpaka wa hifadhi haujachorwa.

Mfano mzuri ni Tarangire, kaskazini mwa Tanzania, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1970. Kiangazi wanyama hufurika humo kwa sababu Mto Tarangire una maji wakati madimbwi ya nje yamekauka. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia wanatoka. Sehemu kubwa huelekea mashariki, kwenye nyanda za Simanjiro, na hawafuati maji tu: nyasi fupi za huko zina madini mengi zaidi, hasa fosforasi, ambayo jike anayenyonyesha anaihitaji sana. Wengine hushika kaskazini-magharibi kuelekea Ziwa Manyara kupitia ushoroba wa Kwakuchinja, ambao siku hizi unakatwa na barabara kuu ya Arusha kwenda Babati na Dodoma, pamoja na mashamba na makazi. Anayeilinda Tarangire bila Simanjiro na Kwakuchinja analinda msimu mmoja tu wa maisha ya nyumbu.

Tembo naye ana sababu nyingine ya kupita. Kundi lililofungiwa mahali pamoja huishia kuzaana lenyewe kwa lenyewe, na ukame ukija halina pa kukimbilia.

Sasa, mtu anajuaje kwamba hapa ni ushoroba na pale ni pori la kawaida? Hapo ndipo utafiti unapofanya kazi yake. Tembo huvalishwa kola yenye kifaa kinachotuma mahali alipo kwa setilaiti. Kinyesi chake hupimwa vinasaba ili kuona kama makundi ya pande mbili bado yana udugu. Kamera hufungwa kwenye miti. Mwaka 2005 mtafiti wa tembo Iain Douglas-Hamilton na wenzake, waliofuatilia tembo wa Kenya kwa kola, walionyesha kwamba tembo akitoka eneo salama hukaza mwendo, akavuka njia ya hatari hasa usiku, kisha akapunguza kasi akifika upande wa pili. Ukilitafakari jambo hilo utaona kwa nini kuna migogoro mingi. Mpima ardhi anaweza kushinda ushorobani mchana kutwa asione hata sungura, akaandika kuwa eneo liko wazi, viwanja vikagawiwa. Miezi sita baadaye mahindi yamelala chini, na tembo ndiye anayeitwa mvamizi. Kwa maoni yangu, wafugaji wazee wangeulizwa mapema zaidi kuliko wanavyoulizwa. Njia hizo wanazijua kwa miguu.

Kisheria, Tanzania ina Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na mwaka 2018 zikatoka kanuni mahususi za shoroba. Kanuni hizo zinayataja pia maeneo ya mtawanyiko, ambako wanyama husambaa na kukaa kwa msimu. Mapito, yaani njia za kuhama. Na maeneo ya kinga, yaliyo kandokando ya hifadhi. Katika mazungumzo ya kawaida yote hayo huitwa ushoroba, na si kosa kubwa. Kosa kubwa ni kudhani kwamba ukishauchora kwenye ramani umeupata. Ardhi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya vijiji, kwa hiyo uhai wa ushoroba unategemea anayeishi humo anakula nini.

Na hapa wakulima na wafugaji hawako sawa. Shamba la mahindi huufunga ushoroba. Malisho huuacha wazi. Ng'ombe na nyumbu wamegawana nyanda za Simanjiro kwa vizazi vingi, ingawa si bure: nyumbu wanapozaa, ndama wao hueneza virusi vinavyoua ng'ombe, kwa hiyo Mmaasai huiondoa mifugo yake na kuacha majani mabichi yaliyo bora kabisa. Hiyo ni gharama ya uhifadhi ambayo haionekani kwenye hesabu ya mtu yeyote. Katika kijiji cha Terrat, huko huko Simanjiro, kulifanyika jambo la maana: kampuni za utalii zilikubaliana na kijiji kukilipa ada ya kila mwaka ili uwanda wa mazalia ya nyumbu usilimwe wala kujengwa, huku malisho yakiendelea. Kijiji hakikuhamishwa, na ng'ombe hawakufukuzwa. Kililipwa kwa kuendelea na matumizi ambayo tayari yalikuwa yanawafaa wanyama.

Kwa mkulima mambo ni magumu zaidi. Tembo akila shamba, serikali hutoa kifuta jasho. Akiua mtu au kumjeruhi, hutoa kifuta machozi. Haya majina yamechaguliwa kwa uangalifu, maana hakuna hata moja linalosema fidia. Tena kanuni za 2011 zilipanga kiwango cha kifuta jasho kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: aliye mbali alilipwa zaidi kwa ekari, aliye karibu alilipwa kidogo, kana kwamba huyo wa karibu aliyataka mwenyewe. Kipimo hicho kilianzia kwenye mpaka uliochorwa. Mwenye shamba la katikati ya ushoroba hana haja ya kupima umbali huo, kwani tembo wanapita uani kwake.